Zambarau ya Mzee wa Mapipa

Wenzake kazini walimwita Bi Zambarau, na si kwa sababu ya nguo. Ncha za vidole vyake zilikuwa na doa la rangi hiyo ambalo sabuni ilikuwa imelizoea, ikaacha kulisumbua. Glavu alivaa, tena kila siku, lakini unga wa zambarau aliofanyia kazi ulikuwa mwepesi kama vumbi la mbawa za kipepeo. Ukifungua chupa yake tu, umekwisha kukugusa mahali.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, kimefungwa mapazia meusi mazito, na ndani yake mchana na jioni vilikuwa kitu kimoja. Humo alitengeneza vitendanishi, yaani zile dawa za kupimia mimea. Watu walileta majani, magome, mbegu na maganda ya matunda, wakitaka kujua mmea una kiasi gani cha vile vitu vinavyouzuia kuchakaa, vile ambavyo vikikosekana, tunda lililokatwa hugeuka kahawia kabla hujalifikisha mdomoni. Bi Zambarau aliyeyusha unga wake kwenye methanoli mpaka akapata maji ya zambarau iliyokolea, akadondoshea humo maji ya mmea, kisha akafunga pazia na kungoja gizani, kwa sababu rangi ile haikupenda mwanga. Mmea ukiwa na nguvu, zambarau ilipauka taratibu, ikawa kama waridi lililochoka, mwisho ikabaki njano. Mmea ukiwa dhaifu, zambarau ilikaa pale pale kama mgeni asiyeelewa kwamba wenyeji wanataka kulala.

Na ili asidanganywe na macho yake mwenyewe, kando ya kila mmea aliweka kiwango. Huo ulikuwa unga mweupe, safi, kitu kimoja kisichochanganyika na kingine, ambao nguvu yake ilijulikana tangu ulikotoka. Aliupima kwenye mizani inayoshtuka hata ukipumua karibu nayo. Mmea wowote ulioletwa, uwe umesifiwa namna gani, ilibidi usimame mbele ya unga ule na kulinganishwa nao.

Kilichompendeza zaidi katika kazi hii hakikuwa majibu. Kilikuwa kile kitambo cha kungoja. Alikaa kwenye stuli yake ndefu, friji ikinguruma polepole pembeni, na akili yake ikaachiliwa itembee. Akiwa pale gizani alikuwa anasikia maji yakibubujika kwenye mapipa, mvuke ukimlowesha nyusi, na vitambaa virefu vikipita juu ya kichwa chake kama mawingu yaliyoshuka kumwangalia. Hakuwa anaota hasa. Alikuwa amerudi uani kwa baba yake, akiwa mtoto mwenye mikono iliyolowa hadi viwikoni.

Baba yake alikuwa mtia rangi wa vitambaa. Mtaa mzima ulimjua kama Mzee wa Mapipa. Rangi zake alizitoa kwenye mimea, na iliyompa sifa ilikuwa zambarau moja aliyoichemsha kutoka kwenye magome, akaitilia shabu ili ishike. Ilikuwa zambarau laini, ya anga ya alfajiri kabla jua halijaamua. Alitamani binti yake ayarithi mapipa, na binti alipochagua kwenda kusomea maabara hakumzuia, ila hakuacha kumtania. "Maajabu ya dunia," aliwaambia watu waliokuja uani. "Mimi nimemaliza maisha yangu nikitia rangi. Mwanangu anaamka asubuhi, anapanda basi, anakwenda kuitoa."

Mama yake Bi Zambarau alikuwa amekwisha fariki. Aliyebaki na mzee ni Shangazi, dada yake mdogo, mjane mwenye ulimi mwepesi na mikono mizito, aliyesuuza vitambaa na kuvianika. Kila Jumamosi Bi Zambarau alikwenda kuwaona.

Jumamosi moja alimkuta baba yake ameshika tama kando ya pipa kubwa. Kitambaa kibichi kilikuwa kimelala mapajani mwake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Kaa hapa, mwanangu. Magome yamekufa."

"Yamekufaje?"

"Hayatoi tena. Naongeza, nachemsha, naongeza tena. Rangi inatoka kama matope. Ile zambarau yangu siioni. Wateja nao wanalalamika, wanakatika mmoja mmoja." Alikunja kitambaa kile pembe kwa pembe, akakifungua tena. "Wewe si unapima nguvu za mimea? Nipimie magome yangu. Niambie kama miti imechoka au muuzaji ananiuzia kuni."

Bi Zambarau alikitazama kitambaa. Kilikuwa cheusi, au karibu na cheusi. Kwa miezi mingi alikuwa ameviona vitambaa vya namna hiyo kwenye kamba, akadhani baba amebadili ladha uzeeni. Alimgeukia Shangazi, lakini Shangazi alikuwa ameinamia beseni, anasuuza kitu ambacho tayari kilikuwa safi.

Mkuu wa maabara, kijana mpole aliyependa wageni, hakuona ubaya mzee kuja kushuhudia. Basi siku iliyopangwa Mzee wa Mapipa akaingia na mfuko wenye vipande viwili vya gome: kimoja kipya, kingine cha zamani alichokuwa amekihifadhi chini ya kitanda tangu enzi za raha. Alivishwa koti jeupe lililomfika kwenye vifundo vya miguu. Alilishika pindo, akachungulia mshono.

"Aliyeshona hili alikuwa na haraka," alisema.

Lakini alikipenda chumba kile. Bi Zambarau aliliona hilo, likampa joto kifuani. Mzee alizunguka polepole, mikono mgongoni, akinusa. Chupa za kahawia zilizofungwa karatasi ya fedha zilimvutia. Mizani alipoiona ikitikisika kwa pumzi yake alirudi nyuma hatua moja na kuiomba radhi kwa sauti ndogo, kana kwamba ameamsha mtoto.

Magome yalisagwa, yakalowekwa, yakachujwa. Binti alikuwa akieleza anachofanya, na baba akawa anaitikia kwa "ehe" za mtu wa kazi anayeelewa kazi. Kuloweka alikujua. Kuchuja alikujua. Kwa muda walikuwa kama wako uani, ila mapipa yamesinyaa yakawa ya kushikwa kwa vidole viwili. Mwishoni Bi Zambarau alimimina dawa yake kwenye kichupa cha kioo, akamwekea baba mkononi karibu na taa.

"Hii ndiyo yenyewe, Baba. Zambarau yangu."

Mzee aliiinua, akaigeuza. "Iko wapi?"

"Mkononi mwako."

"Hii?" Alicheka kidogo. "Hii ni kahawa ya jana, mama. Zambarau naijua mimi."

Bi Zambarau alicheka pia, kwa sababu baba yake alikuwa mtu wa utani. Alidondoshea maji ya gome la zamani kwenye kichupa kimoja, ya gome jipya kwenye kingine, na unga mweupe uliokwisha yeyushwa kwenye cha tatu. Akavuta pazia. Walikaa gizani bega kwa bega, na friji ikawa inawaimbia. Mzee alianza kusimulia jinsi mama yake Bi Zambarau alivyokuja uani mara ya kwanza, akataka kitambaa cha rangi ambayo hakujua jina lake, akabaki anaionyesha kwa mikono hewani. Sauti yake gizani ilikuwa changa. Bi Zambarau alisikiliza, akasahau kidogo kwamba wanangoja kitu.

Alipofungua pazia, vichupa vyote vitatu vilikuwa vimegeuka.

"Njano," alisema mzee mara moja. "Hiyo naiona. Nzuri kabisa."

"Sasa jaribio la pili, ili tuwe na hakika." Alileta kitendanishi kingine, cha njano, ambacho kikikutana na gome lenye nguvu hugeuka buluu. Na kiligeuka. Kilikolea mbele yao mpaka kikawa na kina, buluu ya kumfanya mtu aongee kwa kunong'ona.

Mzee alikisogeza karibu na jicho, kisha mbali. "Hiki kimeharibika," alisema kwa huruma. "Kimekuwa majivu."

Hapo Bi Zambarau hakucheka. Alichukua kichupa kutoka mkononi mwa baba yake, akakiweka kwenye mashine ya kupima mwanga, kisha na vile vingine kimoja kimoja. Mashine haikuwa na la kubishana: gome la zamani na gome jipya yalikaa sawa kama pacha, yote mawili yakiwa na nguvu tele mbele ya kiwango. Alirudia, kwa sababu alitaka kukosea. Namba zilirudi zile zile. Alisimama pale amempa baba yake mgongo, na mambo yakaanza kujipanga yenyewe kichwani mwake: magome kuongezwa na kuongezwa, kitambaa cheusi mapajani, Shangazi na beseni lake.

Alimchukua wakakaa kwenye benchi nje, penye kivuli cha jengo.

"Baba, magome ni mazima. Mapya ni sawa na ya zamani."

"Basi shida ni maji."

"Si maji." Alimshika mkono. "Kile kichupa cha kwanza kilikuwa zambarau. Cha mwisho kilikuwa buluu, buluu ya kweli. Ni macho, Baba. Nadhani ni mtoto wa jicho. Yanakuwekea kama kioo cha njano mbele ya kila kitu, polepole, wala mtu hajui."

Mzee alitazama uwanja. Kisha akasema, bila hasira, "Mimi natunga uzi kwenye sindano."

"Najua."

"Naiona ile nywele iliyo begani mwako."

"Najua, Baba."

"Sasa unaniambia sioni."

Aliomba apelekwe nyumbani. Alipofika alipitiliza chumbani na koti jeupe mwilini, maana wote wawili walikuwa wamelisahau.

Jumamosi iliyofuata Bi Zambarau alisalimiwa kwa midomo tu. Iliyofuata, vivyo hivyo. Bi Zambarau alijikaza kisabuni, akala, akaosha vyombo, akarudi kwake. Kazini alijikuta anakaa gizani hata pasipo na kitu cha kungoja. Aliwaza jinsi rangi ilivyomtoka baba yake: si kama pazia lililovutwa, bali kama kichupa kinachopauka wakati umegeuza uso. Kwanza zambarau, kisha buluu. Dunia nzima imebaki rangi ya chai, na yeye yumo ndani yake anachemsha magome, anangoja kitu ambacho tayari kilikuwa kimefika na kupita.

Aliyepasua jipu ni Shangazi. Mchana mmoja alimkuta kaka yake anaongeza magome kwenye pipa, akamshika mkono, akampokonya kikapu.

"Acha. Inatosha. Imetosha tangu asubuhi."

"Wewe unajua nini kuhusu zambarau?"

"Najua kwamba vitambaa vyako vimekuwa vyeusi, kaka yangu. Mwaka wa pili huu. Wanakuja wateja, nawaambia ndiyo fasheni. Nimedanganya mpaka nimeota sugu."

Mzee alimtazama. "Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Kila jioni unaniuliza imetokaje, na uso wako umekaa kama wa mtoto anayengoja kusifiwa. Ningeutoa wapi huo moyo?"

Shangazi alisimulia baadaye kwamba kaka yake alivua miwani yake ya kusomea, akaipangusa, akaivaa tena, akaenda kuzima moto chini ya pipa. Halafu akamwambia amtumie binti ujumbe aje ampeleke kwa daktari wa macho. Alikwenda shingo upande, lakini alikwenda.

Daktari alikubaliana na Bi Zambarau. Walianza na jicho la kulia. Upasuaji wenyewe ulikuwa mfupi kuliko maombi ya Shangazi, na kesho yake asubuhi muuguzi akaondoa bandeji, akamwambia mzee afungue jicho bila kulilazimisha.

Mzee aligeuza kichwa, akatazama dirisha, shuka, kisha kitu fulani sakafuni karibu na mlango. Aliinuka akaelekea huko kwa hatua za mtu anayetembea kwenye maji. Ilikuwa ndoo ya plastiki ya kupigia deki. Ya buluu, kuukuu, imepasuka ukingoni. Alichutama mbele yake. Mwanamke wa usafi alikuja kuichukua, akamkuta mzee wa watu ameikodolea macho, akasita.

"Babu, unataka kutapika?"

"Hapana, mwanangu," alisema mzee. "Iache kidogo, tafadhali."

Mwanamke yule alimtazama Bi Zambarau. Bi Zambarau aliitikia kwa kichwa kwamba ni sawa, kisha akageukia ukuta, maana machozi yalikuwa yamemtangulia. Wakakaa hivyo, watu watatu na ndoo, na hakuna aliyekuwa na haraka.

Siku zilizofuata zilikuwa za ajabu. Mzee wa Mapipa alitembea uani akifunika jicho moja kwa kiganja, kisha jingine, akilinganisha dunia mbili. Jicho la zamani lilimwonyesha jioni, jipya likamwonyesha asubuhi, na yeye akawa anavuka kutoka moja kwenda nyingine kadiri apendavyo. Aliona mishipa mkononi mwa dada yake. Aliona kwamba mlango aliodhani umefifia ukawa wa kijivu ulikuwa bado wa buluu. Halafu akasimama mbele ya kamba, akaviona vitambaa vyake.

Alipita katikati yake, akavishika kimoja kimoja. Bi Zambarau alikuwa nyuma yake, ameandaa maneno ya kumfariji, lakini hayakuhitajika.

"Dada," mzee aliita. "Ulisema hii ni fasheni?"

"Ndiyo."

"Na wakaamini?"

"Wengine."

Mabega yake yalianza kutikisika. Bi Zambarau alidhani analia, kumbe anacheka, cheko la chini lililomchukua mpaka akashika nguzo ya kamba. Shangazi naye hakujizuia. Baada ya hapo mzee alimwaga pipa lote, akasugua, akaanza upya na magome machache. Zambarau ile ya alfajiri ikarudi, nyepesi, inang'aa kwenye kamba hadi wapita njia wakachungulia. Wateja wa zamani walianza kurejea, mmoja mmoja, kama walivyoondoka.

Ndipo akaja mshona nguo.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye utepe wa kupimia shingoni, na hakuwa amekuja kusifu. Alisimama mbele ya zambarau mpya, akaipapasa, akaguna.

"Mzee, hii nzuri. Lakini mimi sikuifuata hii. Nataka ile nyeusi."

"Ile ilikuwa makosa, mama. Nilikuwa sioni."

"Basi nataka makosa yale yale." Alitoa kwenye mkoba kipande cha kitambaa, akakinyoosha juani. Kikiwa kimekunjwa kilikuwa cheusi. Kilipopigwa na jua, kutoka ndani kabisa, kilitoa zambarau nzito iliyokuwa kama inapumua. "Nimewashonea watu wa arusi mbili kwa hiki. Wakitembea, watu wananyamaza. Sijakipata kwingine."

Mzee alikiangalia kwa jicho jipya, kisha kwa la zamani, kisha tena kwa jipya. Alikuwa hajawahi kukiona kitambaa kile kikitoa rangi ile, na yeye ndiye aliyekitengeneza.

Taabu ikawa hii: hakuweza kukirudia. Kila alipoongeza magome, jicho lake lilimwambia inatosha, mkono ukakataa. Alijaribu kulifunika jicho jipya, akachanganyikiwa. Kipimo hakikuwapo popote, kwa sababu siku zile alikuwa anaongeza kwa kukata tamaa tu, na kukata tamaa hakuna mizani.

Bi Zambarau alikuta tope la rangi ya zamani limegandia chini ya pipa dogo ambalo Shangazi hakuwahi kulisugua, na kwa mara ya kwanza uvivu wa Shangazi ukashukuriwa. Alikwangua kidogo, akaenda nalo kazini. Mkuu wa maabara alimruhusu atumie saa ya chakula. Aliliyeyusha tope lile kwa methanoli, akalipeleka mbele ya unga wake mweupe, akavuta pazia. Alipima pia maji ya magome yaliyochemshwa kwa viwango mbalimbali, mpaka akajua kadiri gani ya gome inakaribia lile tope. Jibu lilimfanya apulize mluzi. Baba yake alikuwa akichemsha msitu.

"Kiasi hicho?" mzee aliuliza Jumamosi, akitazama rundo la magome. "Ni dhambi, mwanangu. Macho yangu hayatakubali."

"Macho yako yageuze huko. Mimi nitamimina."

Alikunja mikono ya blauzi, akaingiza fimbo kwenye pipa. Mvuke ulipanda, ukawaficha wote wawili. Mzee alikaa kwenye kigoda, uso ameuelekeza ukutani kama aliyeadhibiwa, akiuliza kila mara imefikia wapi, na binti akimjibu kwamba bado, angoje. Alikuwa hodari wa kungoja. Mchana ulipita juu yao bila kuwagusa. Shangazi alikuja, akaonja hewa, akaondoka akisema hawa watu watatumaliza.

Walipokitoa kitambaa na kukisuuza, mshona nguo alikuwa tayari amefika, amesimama langoni na utepe wake. Alikipokea kibichi, akakiinua juu kwa mikono yote miwili, maji yakimtiririkia viwikoni. Jua lilipita ndani yake. Mzee alikuwa amegeuka sasa, anatazama kwa jicho lake jipya.

"Ndiyo yenyewe?" aliuliza.

Alikigeuza huku na huku, akakirudisha kivulini, akakitoa tena.

"Inakaribia," alisema. "Ongezeni kidogo."

Mzee wa Mapipa alishusha pumzi, akamtazama binti yake, kisha akainama mwenyewe kuchukua kikapu cha magome.